Namba 3 si C ya mtihani

Mdogo wangu anaongoza wageni Kilimanjaro. Mimi mwenyewe nilianzia mlima huohuo nikiwa mgumu, yaani mpagazi, kabla mapenzi hayajanileta Davos, Uswisi, ambako sasa nakaanga viazi kwenye jiko la hoteli. Juzi nilimtumia picha ya ripoti ya maporomoko ya theluji. Eneo letu lilikuwa limepakwa rangi ya chungwa, na juu yake namba 3, yaani daraja la hatari. Akanijibu kwa sauti: "Kaka, 3 kati ya 5 si ndiyo C? Hiyo umefaulu, panda tu."

Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu kicheko kikakatika, maana msimu wangu wa kwanza huku nilifikiri hivyohivyo.

Ripoti hiyo hutolewa na SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko, ambayo iko hapahapa Davos. Majira ya baridi hutoka kila siku saa kumi na moja jioni, na kesho yake saa mbili asubuhi huangaliwa upya. Unaweza kuisoma kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza. Jikoni kwetu tuko Waafrika Mashariki watatu, kwa hiyo msimu huu nimejitwika kazi ya kuitafsiri kwenye kundi letu la WhatsApp kila tunapokaribia siku ya mapumziko. Kazi nyepesi, nilidhani, mpaka nilipofika kwenye namba 3.

Madaraja ni matano, na nchi za Ulaya zilikubaliana kutumia ngazi hiyo moja mwaka 1993. 1 ni hatari ndogo, 2 ya kiasi, 4 kubwa, 5 kubwa mno. Hayo hayakunisumbua. Lakini 3 kwa Kijerumani ni "erheblich", yaani kitu kisicho haba. Jaribio langu la kwanza lilikuwa "hatari ya kutosha". Mkenya wetu akauliza: ya kutosha watu wangapi? Nikabadilisha kuwa "hatari ya wastani", nikawa nimeharibu kabisa, kwa sababu mtu akisikia wastani anafunga kamba za viatu.

Ngazi hii haipandi sawasawa kama ngazi ya ghorofa. Kwenye 2, mara nyingi theluji inahitaji mzigo mzito ndipo ikatike, mathalani kundi la watu waliobanana, na sehemu mbovu si nyingi. Kwenye 3, mtu mmoja tu anaweza kuikata, na sehemu za kuikatia zimeongezeka. Hapa Uswisi 3 hutangazwa kwa kama asilimia 30 ya msimu, lakini karibu nusu ya wanaouawa na maporomoko hufa siku za 3. Ikifika 4 watu wengi wanaogopa wenyewe, hata viongozi wa milima wanabaki mjini. 5 ni habari ya vijiji na barabara, kama Februari 1999, poromoko lilipoingia Galtür, ng'ambo ya mpaka huko Austria, likaua watu 31. Siku ya 3 haina kelele zote hizo. Jua linawaka, anga ni buluu, theluji mpya inang'aa, na picha zinatoka vizuri sana.

Siku yangu ilikuwa ya namna hiyo, katika bonde la Dischma. Nilikuwa na mwenzangu wa jikoni, mzaliwa wa huku, mzee wa maneno machache. Tulivaa viatu vya theluji, vile vipana kama ungo. Ripoti ilisema 3, miteremko inayotazama kaskazini na mashariki, kuanzia mita 2,200, na kwamba tatizo ni theluji ya zamani. Mimi niliishia kwenye mita 2,200. Kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro kiko mita 2,720! Mtu aliyefika kilele cha Uhuru mara kumi na moja aogope mahali palipo chini ya Mandara? Nikamwambia mzee kwamba kwetu urefu huo bado watu hawajatoka jasho. Hakujibu.

Tulikuwa kwenye eneo karibu tambarare, yeye mbele, mimi hatua kama thelathini nyuma kama alivyoniagiza. Nikakanyaga, na chini yangu kukatoka mlio mzito, "wumm", kama mtu ametupa godoro chumba cha pili. Theluji yote niliyosimamia ikashuka, labda upana wa kidole. Ufa mwembamba ukakimbia kutoka miguuni kwangu kuelekea mlimani, mbio kuliko macho yangu.

Mzee hakupiga kelele. Alitazama juu, kwenye mteremko uliotuinamia, akasema nirudi kwa nyayo zangu zilezile. Hakuna kilichoanguka. Baadaye ndipo nikafahamu kwamba si lazima usimame kwenye mteremko ili uuangushe. Ufa unaweza kusafiri kutoka chini ulipo wewe na kuukata ule ulio juu yako.

Tulipofika mahali salama alitoa sepetu, akachimba shimo la kufika kiunoni. Akaniambia nisukume ukuta wa shimo kwa ngumi. Tabaka la juu lilikataa ngumi, likakubali kidole kwa shida. Chini yake palikuwa na tabaka lililopokea ngumi nzima bila ubishi. Akachota humo, akanimiminia kiganjani: punje kubwa, kavu, zinateleza kama sukari. Nikajaribu kufinyanga tonge, likagoma.

Hiyo ndiyo "theluji ya zamani" niliyoiruka kwenye ripoti. Ilianguka Novemba, ikiwa kidogo. Ukaja usiku baada ya usiku wa baridi kali na anga tupu. Ardhi chini ina joto la karibu sifuri, hewa juu ni baridi kuliko hapo kwa mbali, basi mvuke unapanda ndani ya theluji na kuzijenga punje upya, kubwa na zisizoshikana. Kisha upepo wa Januari unatandika bamba gumu juu yake. Chukua bati, lilaze juu ya mahindi yaliyoanikwa penye mwinuko, halafu umpandishe mtoto.

Siku hizi nasoma ripoti nzima: mteremko unatazama wapi, kuanzia urefu gani, tatizo ni upepo, theluji mpya, maji au huo uzee. Namba ni ya eneo zima, haiujui mteremko wako. Kisha nafungua ramani ya mwinuko: njano ni digrii 30 hadi 35, chungwa hadi 40, nyekundu hadi 45, zambarau ni zaidi ya hapo. Werner Munter, kiongozi wa milima wa hapa Uswisi, aliwarahisishia watu hesabu: kwenye 2 kaa chini ya digrii 40, kwenye 3 chini ya 35, kwenye 4 chini ya 30. Mimi ni mwoga kumzidi. Kwenye 3 sigusi hata njano, wala sipiti chini yake. Kifaa cha mawimbi kinachoonyesha aliyefukiwa yuko wapi, fimbo ndefu ya kumtafutia na sepetu ninavyo, lakini aliyefukiwa nafasi yake inaporomoka baada ya dakika kumi za kwanza, na sitaki kumpa mzee yule kazi ya kunichimba.

Kwa mdogo wangu nilitafuta mfano wa nyumbani. Nikamkumbusha Western Breach, njia moja ya kupandia Kilimanjaro, pale mawe yalipoanguka Januari 2006 na kuua wapandaji watatu kutoka Marekani. Yeye akipita njia ile huwaamsha wageni usiku, barafu ikiwa bado imeyashika mawe. Nikamwambia: "Basi 3 ni Western Breach saa tatu asubuhi. Joto limeanza kulegeza barafu, na halijaanguka hata kokoto."

Dakika mbili kimya. Kisha: "Kaka, saa hiyo mimi sipo pale."

Kwenye kundi letu mfano huo haukusaidia, Mkenya hajawahi kufika Kilimanjaro. Mwishowe nikaandika "hatari iliyoiva", na hakuuliza swali. Embe lililoiva linasubiri tawi liguswe.

Ripoti ya leo imetoka nikiwa naandika hapa. 2, rangi ya njano, kaskazini juu ya mita 2,400, theluji ya zamani bado ipo. Mkenya ameshauliza kama kesho tunaweza kwenda na sleji. Nimemjibu tutakwenda, kwenye barabara ya msituni, na abebe chai ya maziwa maana zamu ya chupa ni yake.