Siku Moja na Chombo Kilichotoka Ushelisheli

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi nilikuwa nimekwisha kuswali na kunywa chai, na mimi na mpwa wangu tulikuwa Funguni, mjini Unguja, tukipakia vifaa kwenye boti yetu ndogo ya faiba. Haraka ile ilitokana na mwezi. Zilikuwa siku za bamvua, maji yalijaa kiasi cha saa kumi alfajiri na yangekupwa kabisa kufikia saa nne, na anayechelewa Funguni katika siku kama hizo huishia kuikokota boti yake kwenye tope. Mpwa wangu, ambaye sasa yuko mwaka wa pili katika kazi hii ya kutengeneza vyombo vya baharini, alibeba sanduku la spana, nami nikachukua ndoo tupu. Ndoo hiyo naithamini kuliko spana nyingi, kwa sababu kila kinachofunguliwa kwenye injini hutiwa humo na kuhesabiwa kabla ya kurudishwa.

Chombo tulichokiendea kilikuwa boti ya matanga yenye mlingoti mmoja, iliyotia nanga mbele ya Malindi, hapo hapo mjini, usiku wa juzi baada ya safari ya maili 1,000 hivi za baharini kutoka Mahé. Mwenye chombo haishi hapa. Aliyekileta ni nahodha mwenyeji wa Wete, mtu mzima ambaye amekuwa baharini tangu ujana wake, pamoja na mabaharia wawili. Tulipofika ubavuni, rangi yake ilikuwa imejaa viumbe vidogo vya gamba vyenye shingo ndefu hadi juu ya mstari wa maji, na kamba zote zilikuwa zimepauka kwa chumvi.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Injini imetufia siku ya saba."

"Kabla ya injini, Nahodha, nini kilitangulia kuharibika?"

Swali hilo mimi huliuliza kila mara, na mpwa wangu nimemfundisha aulize hivyo hivyo, maana mtu aliyetoka safari ndefu hukutajia kile kilichomtesa mwisho, wakati ubovu wenyewe ulianza siku nyingi kabla na mahali pengine kabisa. Nahodha alileta daftari lake. Siku ya nne, kusi likivuma kwa nguvu kama kawaida yake mwezi wa Julai, mshono mmoja wa tanga la mbele ulifumuka, wakalishusha. Chombo kinachokwenda kwa tanga kubwa peke yake hutaka kugeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kuelekea upepo kila dakika, kwa hiyo mtambo wa umeme unaoshika usukani ukawa unapigana nacho mchana na usiku, ukala betri. Kwa kuwa betri zilipungua, wakawa wanawasha injini asubuhi na jioni ili kuzichaji, huku matanga yakiwa juu na chombo kimelalia upande mmoja. Siku ya saba injini ilipanda joto, ekzosi ikatoa mvuke mweupe badala ya maji, wakaizima.

Nilimwuliza tundu la kuingizia maji ya bahari yanayopooza injini liko upande gani. Akanyoosha mkono kushoto. Kutoka Ushelisheli kuja huku wakati wa kusi, kushoto ndiko goshini, upande unakotoka upepo, na chombo chote hulalia demani, upande unakokwenda upepo, yaani kulia. Basi kila wimbi kubwa lilipoinua ubavu wa kushoto, tundu lile lilitoka majini na pampu ikavuta hewa. Impela, yaani kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji ndani ya pampu, haiwezi kuzunguka ikiwa kavu, kwa sababu maji yale yale inayoyasukuma ndiyo yanayoilainisha.

Saa mbili tulikuwa tumeifungua pampu. Impela ilikuwa na mabawa sita ilipokuwa mpya, nasi tulitoa kitovu chenye mabawa matatu, yote yamepasuka kwenye mzizi. Vipande vitatu havikuwemo. Hapa ndipo kazi inapoharibika mikononi mwa wengi: mtu hutia impela mpya, huwasha, huona maji yanatoka, hupokea fedha zake na kuondoka, na vile vipande hubaki ndani ya njia ya maji vikisubiri siku ambayo injini itatumika kwa nguvu.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba hatutagusa impela mpya mpaka vitatu viwe ndani ya ndoo. Cha kwanza kilikuwa palepale kwenye mdomo wa pampu. Cha pili tulikipata kwenye kona ya mpira unaopanda kwenda kwenye kipozeo, baada ya kulegeza klipu mbili zilizoshikana kwa kutu. Cha tatu kilituchukua saa mbili nzima. Tulifungua kifuniko cha kipozeo, ambamo maji ya chumvi hupita ndani ya mirija myembamba na kupooza maji yasiyo na chumvi ya injini yanayozunguka nje yake, na tukamulika mrija mmoja mmoja kwa tochi. Mingi ilionyesha mwanga upande wa pili. Minne ilikuwa giza. Mitatu ilizibwa na chumvi na ikafunguka kwa kipande cha waya laini wa shaba, na wa nne ukatoa, polepole, kipande cheusi cha mpira kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kimejikunja kama jani la chai. Mpwa wangu alikiweka kwenye kiganja pamoja na vile viwili, akavilinganisha na mizizi ya impela mpaka kila kimoja kikapata mahali pake. Nilifurahi sana kumwona akifanya hivyo bila kuambiwa.

Kifuniko cha pampu kilikuwa kimekwaruzwa na mabawa yaliyokuwa yakisaga makavu. Tulikisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, kwa mwendo wa duara, hadi mikwaruzo ikaisha, kisha tukakata gasketi ya karatasi na kutia impela ya akiba iliyopakwa sabuni ya maji. Oili niliitazama pia. Haikuwa imegeuka rangi ya maziwa, na injini ilizunguka kwa mkono bila kukwama, kwa hiyo Nahodha alikuwa ameizima kwa wakati.

Betri zilisoma volti 11.6. Betri ya aina ile ikiwa imejaa na imetulia husoma 12.7 hivi, na iliyoshuka chini ya 12 imekwisha, kwa hiyo tulizipeleka nchi kavu pamoja na mtu wa boti ya abiria ili zichajiwe taratibu. Nina shaka kwamba moja kati yake haitapona.

Saa saba, baada ya adhuhuri na wali wa nazi kwa pweza uliopikwa na baharia mmoja, mwenye chombo alipiga simu. Alisema ana wageni siku ya Ijumaa, na alitaka kusikia kwamba kazi imekwisha. Nahodha alinipa simu. Nilimweleza kwamba injini ingewaka siku hiyo hiyo, lakini mlingoti bado sijautazama, na kwamba sitasema neno lolote kuhusu Ijumaa mpaka nimeutazama. Hakupendezwa, nami namwelewa, kwa sababu chombo kilicholala nanga hakimwingizii mtu chochote.

Nyaya zinazoushikilia mlingoti mimi huzikagua kwa kitambaa cha pamba. Ukikizungusha kwenye waya na kukishusha hadi chini, uzi wa chuma uliokatika hukikamata hata kama jicho halikuuona. Mpwa wangu alianzia kushoto, upande wa goshini, kwa kuwa ndio uliobeba uzito safari nzima, na kitambaa kikapita salama. Nikamwambia aje kulia. Kwenye waya mrefu wa demani, pale unapoingia ndani ya kikombe cha chuma kilichobanwa, kitambaa kilinasa. Waya ule umesokotwa kwa nyuzi 19, na mbili zilikuwa zimekatika, ncha zake zikiwa na doa la kutu ya kahawia. Waya wa goshini hukazwa ukatulia, lakini wa demani hulegea na kucheza kila chombo kinapoyumba, na mchezo wote huishia mahali pamoja, penye kikombe, ambapo maji ya chumvi nayo hutuama. Tuliwahi kupiga hesabu palepale: mawimbi yakija moja kila sekunde 10, siku 10 za safari ni mawimbi 86,400.

Nahodha aliinama akaushika ule waya kwa muda mrefu. Kisha alimpigia mwenye chombo yeye mwenyewe, akamwambia kwa upole kwamba yeye hatang'oa nanga na wageni ndani ya chombo chenye mlingoti usio na uhakika, Ijumaa wala siku nyingine, mpaka nyaya za pande zote mbili zibadilishwe, maana umri wake ni mmoja. Tulifunga kamba imara sambamba na waya mbovu, kwa ajili ya kulala nanga tu.

Saa tisa na nusu tuliwasha injini. Ekzosi ilitema maji kwa mapigo sawa, nami nilikaa na mkono juu ya kipozeo kwa nusu saa, nikisikia joto likipanda kisha likisimama mahali pake.

Maji yalipokaribia kujaa tuliingia Funguni na tanga la mbele, tukalipeleka kwa mzee mmoja anayeshona matanga ya majahazi. Alilitandaza barazani, akapitisha ukucha juu ya mshono wa kiwandani, na uzi ukakatika kama uzi ulioungua. Kitambaa chenyewe kilikuwa bado kizima, kwa sababu jua humaliza uzi kabla ya kitambaa. Mahali pamoja tu ukucha wake haukufaulu: pale Nahodha alipolishona kwa mkono siku ya nane kwa mshipi wa kuvulia, ili wapate kupiga bisho, yaani kwenda kwa kukata huku na huku dhidi ya upepo, kutoka Ras Nungwi hadi mjini bila injini, kusi na mkondo vikiwa usoni mwao.

"Nani kashona hapa?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Hapa nitapaacha," akasema, "na mishono mingine yote nitaifumua niishone upya."

Baada ya isha niliandika vipimo vya nyaya, unene wa milimita 8, urefu wa kila mmoja uliopimwa mara mbili, nikampa mpwa wangu karatasi hiyo ili asubuhi aondoke nayo kwa boti ya kwanza kwenda Dar es Salaam.