Sabasaba niliyovaa kimini cha shangazi

Gauni lilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati, limeviringishwa ndani ya khanga iliyochakaa. La tetroni, rangi ya chungwa, maua meupe makubwa kama visahani, pindo linaishia juu ya goti. Mwezi wa tano nilikuwa namsaidia shangazi kuanika nguo zake uani, hapa kwetu Isevya, Tabora, ndipo likajitokeza. Alilipapasa kidogo, akataka kulirudisha. Nikamshika mkono.

"Wenzangu waliyachoma ya kwao," akaniambia. "Mimi nililikunja tu."

Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikapigwa marufuku. Vilihesabiwa kuwa utamaduni wa kigeni. Kule Dar es Salaam, hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wasichana waliovaa vimini walizomewa na kuandamwa mitaani. Shangazi alikuwa na miaka 18 na gauni lake alikuwa amelishona mwenyewe, kwa mkono. Miaka yote hiyo hakulivaa tena, na hakulitupa.

Nikaamua palepale: Sabasaba nitavaa gauni kama lile. Siku yenyewe niliichagua makusudi. Julai 7, 1954 watu 17 walikaa Dar es Salaam wakaanzisha TANU, wakati mkoloni alikuwa hajafikiria kuondoka. Na ni hapa kwetu Tabora, Januari 1958, Nyerere alipowashawishi wajumbe wa TANU wakubali uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, jambo ambalo wengi walilipinga vikali. Naipenda siku hii kwa dhati. Watu wale walikataa kuambiwa nini kinawafaa, na naamini msichana aliyekunja gauni lake badala ya kulichoma ana nafasi yake kwenye sherehe hiyo.

Kitambaa kilinitesa. Tetroni nzito ya zamani sikuipata madukani, ikabidi nichambue mitumba Jumamosi tatu mfululizo mpaka nikapata pazia la maua, zito, halikunjamani. Nililaza gauni la shangazi juu ya magazeti nikachora umbo lake: mabega membamba, halafu linapanuka taratibu kuelekea chini, bila kiuno. Kosa langu ni kwamba nilikata sawasawa na mchoro, sikuacha nafasi ya mshono. Mimi si mwembamba kama alivyokuwa yeye wakati ule. Lilinibana nyonga mpaka uzi ukalia. Nililiokoa kwa kuongeza vipande vya kitambaa cheupe pembeni, kuanzia kwapani hadi pindoni, na kusema kweli vimelipendeza gauni kuliko lilivyokuwa.

Lililobaki lilikuwa baba. Huwezi kutokeza goti mbele ya baba Tabora hii bila kumwandaa. Shangazi, dada yake mkubwa, ndiye aliyekwenda kuzungumza naye. Sikusikia walichosema. Jibu lililonifikia ni kwamba nivae, ila wakati wa kuwaamkia wazee nijifunge khanga. Nikaona ni haki kabisa.

Nyama niliianza mapema asubuhi. Kilo 4 za ng'ombe, sehemu ya paja, vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Nilisaga kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, limau na kipande kidogo cha papai bichi. Papai hilo ndilo linalolainisha nyama ya kwetu, lakini lisizidi saa moja, la sivyo nyama inakuwa uji. Vijiti vya mianzi nililoweka usiku kucha visiungue. Mkaa uliwashwa kwenye nusu pipa, na hapo ndipo watu wengi huharibu: wanapanga nyama moto ukiwa bado una ndimi. Ngoja mkaa uvae majivu meupe. Kisha, dakika mbili za mwisho, nikapaka asali. Asali ya miombo ya Tabora haina mwenzake, ila ukiipaka mapema inaungua na kuwa chungu. Ndizi na kachumbari zilikuwa kazi ya wadogo zangu. Binamu aliyetoka Kigoma alileta migebuka ndani ya barafu, tukaichoma kwa chumvi na limau tu.

Julai haina mvua hapa, vumbi tu na upepo wa kipupwe, kwa hiyo tuliweka mikeka chini ya mwembe, upande usio na moshi. Kwenye spika tuliweka nyimbo za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Wazee walipokwisha kula, nikawaamkia, nikapokea marahaba zao, kisha nikafungua khanga.

Kimya kidogo. Baba aliangalia mshikaki wake. Shangazi akanyanyuka, akanishika bega, akanigeuza taratibu kama fundi anayemkagua mteja, akashika pindo kati ya vidole viwili.

"Langu lilikuwa fupi zaidi," akasema, akaanza kucheza.

Tulicheza naye mpaka mkaa ukazima. Binti wa jirani keshaniletea kitambaa cha kijani. Nimemwambia aje na mama yake, nimpime, na safari hii naacha inchi moja na nusu ya mshono kila upande.