Kisiki cha Nani?

Mpwa wangu kachukua trekta kwa mkopo, awalimie watu mashamba kwa malipo kama mimi. Ndiye yule aliyekuwa akilala garini msimu wa mavuno ili watu wasinyonye dizeli. Juzi usiku kanitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Mjomba, ekari nitoze ngapi?"

Nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Hesabu ninayo, tena ninayo kwenye daftari tangu enzi za trekta letu la kwanza, lile lililobabuka rangi. Lakini kila nikifika kwenye hesabu, namuona mzee mmoja akichimba kwa jembe lake, taratibu, bila haraka yoyote, na mimi nimesimama pembeni nikisubiri kujua nimegonga nini.

Alikuwa mteja mpya. Shamba lake lilivutia kwa macho: mstatili, limelala sawasawa, mistari mirefu. Anayefanya kazi hii anajua kwamba urefu wa mstari ni pesa. Plau letu, yaani jembe la trekta, la diski tatu zinazozunguka, lilikata upana wa kama mita 1. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, kwenye karatasi hizo ni mita za mraba 6,000, yaani karibu ekari moja na nusu kila saa. Ondoa kugeuza, ondoa dereva kushuka kutoa majani yaliyonasa, ondoa kona: ukibakiwa na ekari moja na kidogo, shukuru. Shamba la vipande vipande na mistari mifupi litakula hata hicho kidogo, na dizeli itaungua kwenye kugeuza. Kwa hiyo nililipenda shamba la yule mzee kabla sijampenda mwenyewe.

Jioni ya kuamkia kazi tulilizunguka kwa miguu, yeye na mimi, nina nondo mkononi nachoma hapa na pale. Nikamuuliza maswali yangu ya siku zote. Kuna visiki, mzee? Mawe? Bomba la maji lililofukiwa?

"Hamna kitu humo, kijana wangu. Mimi nimelilima hili kwa mkono wangu, nalijua lote."

Na alikuwa mkweli. Ila alisema kweli ya kina cha jembe lake. Jembe la mkono linakwaruza sentimita kumi au zaidi kidogo. Diski zetu zilikuwa zinakwenda sentimita ishirini na ushee. Katikati ya hapo kuna shamba jingine ambalo mwenyewe hajawahi kuliona, na nondo yangu isingeweza kuchoma kila mahali. Tukakubaliana bei kwa ekari, nusu akalipa mbele, tukapeana mikono.

Asubuhi wingu lilishatanda upande mmoja. Wateja wengine walikuwa kwenye foleni, kila mmoja ana hakika kwamba zamu ni yake. Dereva alishaingia katikati ya shamba nilipousikia ule mlio.

Haukuwa mlio wa jiwe. Jiwe hugonga kwa sauti kali, diski ikaruka, kazi ikaendelea. Ndiyo sifa ya diski hiyo: ikikuta kizuizi hubiringika juu yake na kushuka upande wa pili, na ndiyo maana watu wa mashamba yenye mizizi huipenda kuliko plau la bapa. Huu ulikuwa mgoto mzito uliozama ardhini, kisha injini ikaguna. Diski ya nyuma ilikuwa imejichomeka chini ya mzizi badala ya kuupanda.

Halafu nikaona magurudumu ya mbele yakiachia udongo.

Yalinyanyuka polepole, na mpaka leo huo upole ndio unaonisumbua. Kwanza pakawa na nafasi ya kupitisha kiganja kati ya tairi na ardhi. Halafu mkono mzima. Tairi za nyuma zinachimba, udongo unarushwa, moshi umekuwa mweusi, pua ya trekta inaelekea juu kana kwamba kuna kitu inatafuta kule. Nilipiga kelele, injini ikazimeza. Watu wamekufa hivi, trekta likijipindua kinyumenyume juu ya dereva, na halihitaji muda mrefu kufanya hivyo. Dereva wangu, Mungu ampe umri, hakugeuka kutazama nyuma wala hakushika kitu kingine chochote. Alikanyaga klachi. Pua ikaanguka kwa kishindo, akarushwa kwenye kiti, kofia ikamtoka, injini ikabaki inanguruma bila kazi.

Alizima. Akashuka upande usio wa plau, akaokota kofia, akaipangusa. Hakusema neno. Nilipoinama kutazama, chuma cha juu kinachounganisha plau na trekta kilikuwa kimepinda, na mkono unaoshika diski ya nyuma una ufa unaoingiza ukucha. Grisi ya beringi ilikuwa ikichuruzika kwenye udongo mpya.

Mzee alikuja na jembe begani. Hakuuliza. Alichimba kuizunguka diski mpaka kitu kikatokea: kisiki kipana, cheusi, juu kimelika, ndani kigumu kama siku kilipokatwa. Alama za shoka bado zilikuwepo. Aliyekikata alikikata chini ya uso wa ardhi, akakifukia vizuri, akaenda zake.

"Mti huu siujui," alisema. "Ulikatwa kabla sijanunua hapa."

"Sasa tunafanyaje, mzee?"

Akaegemea mpini. "Kijana wangu, mimi nimekodi trekta. Sikukodi kisiki."

"Na mimi nimekuja kulima udongo, mzee. Kisiki sikukiweka."

Tukanyamaza wote wawili, maana kila mmoja alikuwa amesema kweli na hapakuwa na wa tatu wa kumtupia lawama.

Yaliyofuata niyapitishe haraka. Alilipa ekari zilizokwisha kulimwa, mimi nikamlipa fundi. Mvua ikanyesha trekta likiwa karakana, na baadhi ya waliokuwa kwenye foleni wakaenda kwa jirani. Hilo ndilo lililouma kuliko spea. Chuma kina bei yake dukani, lakini msimu uliopita huwezi kuununua popote. Nilipofungua karatasi za bima nikakuta wanalipa ajali ya trekta, ila sehemu zinazogusana na udongo hawazihusu kabisa, eti hizo ni za kuchakaa.

Nikarudi kwenye daftari. Dizeli na dereva vinaonekana kwa macho, kila mtu anavihesabu. Uchakavu, riba ya mkopo na bima havionekani, na vinakula hata trekta likilala bandani. Trekta likifanya kazi saa 1,000 kwa mwaka, kila saa inabeba fungu lake la mzigo huo. Likifanya saa 500, kila saa inabeba mafungu mawili. Yule jirani aliyewachukua wateja wangu alikuwa anatoza dizeli, dereva na kidogo cha mfukoni. Kwa maneno mengine alikuwa anawauzia wateja trekta lake kipande kwa kipande, kwa bei ya kutupa, na wao wala hawakujua kwamba wanalinunua.

Lakini kisiki nikiweke wapi?

Nilijaribu kutoza kwa saa. Hapo shamba gumu linajilipia lenyewe: udongo ukiwa na unyevu, tairi zikateleza zaidi ya asilimia 15 hivi, dizeli inaungua kwa kuzungusha mpira, na anayelipa ni mwenye shamba. Haki kabisa. Ila mteja wa saa hatulii. Dereva akisimama kukaza bolti, mtu anatazama saa yake. Akipunguza mwendo kwenye kona, anaambiwa anajikokota. Na unajikuta unamlipisha mtu pesa nyingi zaidi kwa sababu dereva wako kaamka vibaya.

Nikarudi kwenye ekari, nikaongeza kidogo kwa kila ekari, kwa kila mteja, nikaanzisha safu yake kwenye daftari na kuiandika "visiki". Chuma kikivunjika, pesa inatoka humo. Fundi halii, mimi silii. Nililala vizuri kwa muda.

Hadi mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu, aliponiuliza kwa nini bei imepanda. Shamba lake ni kichanga kitupu, tumeligeuza misimu na misimu, halijawahi kunivunjia hata bolti. Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo mimi nalipia kisiki cha mtu nisiyemjua." Nilitaka kubisha, nikakosa pa kushika. Tena kuna ubaya mwingine ambao yeye hakuutaja: wenye mashamba safi wakichoka kulipia wengine wataenda kwa jirani, na mimi nitabaki na bei ya wastani juu ya mashamba yasiyo ya wastani.

Niliona heri shamba jipya liwe na bei yake, ghali zaidi, mpaka tutakapolijua. Wateja wapya wakaacha kuja, nikarudi kwenye bei moja kwa wote. Nikatengeneza karatasi ya makubaliano: mwenye shamba ataje visiki, mawe na mabomba anayoyajua, alichokijua asikiseme, kikivunja chuma atalipa yeye. Mpaka hapo hakuna mgogoro. Mstari unaofuata, wa kile ambacho hakuna aliyekijua, nimeufuta na kuuandika upya mara nyingi. Kuna mwaka ulisema nusu kwa nusu, mwaka mwingine ulisema ni changu mpaka kiasi fulani. Mpwa wangu akitaka nimtumie karatasi hiyo nitamtumia, ila atakuta kalamu juu ya kalamu.

Yule mzee nilidhani nimempoteza. Msimu mmoja akanipigia.

"Kisiki nimekitoa, na mizizi yake yote. Bei yangu mwaka huu?"

Nikamtajia, ileile ya wote, na ile nyongeza ndani yake.

"Hapana," akasema. "Sikiliza, kijana wangu. Mashamba yote unayolima hujui kilicho chini. Langu umelipekua kwa chuma mpaka ukavunjika. Nilipe sawa na watu usiowajua?"

Nikamwambia bei ni moja, kwa sababu sikuwa na lingine la kumwambia. Akasema atafikiri. Siku chache baadaye akaja na nusu ya malipo mkononi, akaisoma karatasi yangu mstari kwa mstari huku midomo ikicheza. Kabla ya kutia sahihi akaomba kalamu, akaandika chini kabisa kwa mwandiko wake wa kulala: "Kisiki kisipotokea, nyongeza irudishwe."

Dereva alikuwa ameshawasha injini, na wingu lilikuwa palepale lilipokuwaga siku zote. Nikatia sahihi.

Hakikutokea. Wiki ya mwisho ya msimu, simu ikaita.