Siku moja shambani kwangu Hombolo, mawingu yakiwa yametanda

Saa kumi na moja alfajiri. Upepo umeniamsha kabla ya jogoo. Mwezi Machi huku Dodoma upepo wa namna hii huja na mvua. Mtama wangu unailia mvua hiyo, na zabibu zangu haziitaki kabisa. Mavuno ya Septemba hayana hofu hii, maana ni kiangazi.

Saa kumi na mbili na nusu nakagua majani. Mistari miwili ina ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga. Dawa siwezi kupiga, siku za kuvuna zimekaribia mno. Napunguza majani yanayobana vishada ili hewa ipite.

Saa tatu natoa kipima sukari. Natonesha maji ya tunda, natazama: sukari asilimia 17. Mnunuzi anataka 19. Jana ilikuwa 17 pia. Bila jua sukari haipandi, na mvua ikizidi tunda linanyonya maji, ganda linapasuka, linaoza likiwa kwenye mti.

Saa tano nampigia mnunuzi. Matangi yake ya maji ya zabibu bado yamejaa, anasema, nisubiri wiki moja. Mwaka jana wiki hiyo ilikuwa tatu. Nilisimama nikiangalia vishada vikinyauka, na fedha ya kupogolea na ya mbolea ilikuwa ya mkopo. Bado inaniuma.

Saa sita anapita jirani, mzee wa siku nyingi kwenye zao hili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo mistari inayougua unaiachia nani?"

Yeye siku hizi hukamua zabibu mwenyewe, akauza mchuzi, yaani maji yake. Mchuzi ukitunzwa vizuri unasubiri bei. Nimekuwa nikiliogopa jambo hilo, kwa sababu usafi wake hauna mzaha: ndoo moja chafu inaharibu tangi zima.

Nikaamua. Vibarua wanne wakavuna mistari ile miwili, wakichambua kila kishada na kutupa punje mbovu. Zikatoka kreti nane.

Saa tisa kirikuu kikazibeba hadi soko la Majengo. Nilichelewa, na bei ya jioni mnunuzi ndiye anayeipanga. Nimepata ya vibarua na ya usafiri, na kidogo cha dawa.

Saa mbili usiku matone ya kwanza yanagonga bati. Nampigia mjomba kumuuliza tangi lake lina nafasi kiasi gani. Lita mia tatu, anasema, lakini nije na ndoo zilizooshwa kwa maji yaliyochemka. Nimewasha moto sasa hivi.