Ati Waliona Haya

Tangu Jumanne kuna neno limenikaa kooni, halimezeki wala halitemeki, na kwa kuwa watu wa nyumbani wamechoka kulisikia, naliandika hapa.

Nina mwalimu mwenzangu ninayemwita Mzee wa Jiografia. Alinikuta chumba cha walimu nikichora ramani ya Punjab, jimbo lililogawanywa kati ya India na Pakistan, kwenye karatasi ya manila kwa ajili ya kidato cha nne, akaweka kikombe chake cha chai juu ya Lahore, akatazama, kisha akasema kwa ile sauti yake ya upole inayochoma kuliko kelele: "Dada yangu Mwalimu, uhuru wa India na Pakistan ni hoja moja tu katika hoja za nje zilizochochea uhuru wa Afrika. Gandhi alifunga, hakula, Waingereza wakaona haya, wakaondoka. Watoto wanataka maksi, hawataki mirathi ya Wahindi." Nikamjibu kwamba hata hoja moja ina haki ya kuwa ya kweli. Akacheka, akachukua kikombe chake, akaniachia duara la chai juu ya mji wa watu.

Wiki hii wathibiti ubora wa shule wamekuja na kuondoka, dada amejifungua salama kule Korogwe baada ya hofu nyingi, na mkuu wetu amepata barua ya uhamisho. Lakini mimi nimeishi ndani ya sentensi ile ya Mzee. Naosha vyombo, naisikia. Nasahihisha madaftari, naisikia. Kuhusu maksi sina ugomvi naye, maana mwongozo wa kusahihisha kweli unaitaja India kwa mstari mmoja pamoja na Vita vya Pili vya Dunia, Umoja wa Mataifa na Mkutano wa Umajumui wa Afrika wa Manchester wa 1945, kisha unasonga mbele. Kinachoniudhi ni hiyo haya. Nani aliiona, na lini?

Nimeitafuta Amritsar, mji wa Punjab. India ilikuwa imetoa zaidi ya askari milioni moja katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baadhi yao wakiwa wale walioshushwa hapa hapa Tanga Novemba 1914 na kurudishwa majini na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck (na nyuki, kama wazee wetu wanavyopenda kuongeza), na shukrani waliyoipata ilikuwa Sheria ya Rowlatt ya 1919, iliyoruhusu mtu kuwekwa ndani bila kesi. Tarehe 13 Aprili mwaka huo, siku ya sikukuu ya Baisakhi, watu walikusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh, uliozungukwa na kuta na wenye njia chache nyembamba za kutokea. Jenerali Dyer, Mwingereza, aliingiza askari wake, hakutoa onyo lolote, akaamuru wafyatue risasi kwa takriban dakika kumi, hadi zikatumika risasi 1,650. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 379. Wahindi walihesabu nyingi zaidi ya hapo. Mbele ya tume ya uchunguzi Dyer alieleza kwamba, lau magari yake ya deraya yenye bunduki za rashasha yangeweza kupita katika njia ile, huenda angezitumia. Ni kweli alivuliwa uongozi, na ni kweli Baraza la Makabwela la Bunge la Uingereza lilimlaumu. Lakini Baraza la Malodi lilipiga kura ya kumtetea, na gazeti moja la London likamchangishia zaidi ya pauni 26,000. Watu walioona haya hawapitishi bakuli la mchango.

Halafu huko kufunga kwenyewe. Februari 1943 Gandhi, akiwa kizuizini Pune kwa sababu ya azimio la Agosti 1942 lililowataka Waingereza waondoke India, alifunga siku 21. Hawakuondoka, hata yeye mwenyewe hawakumwachia. Mwaka huo huo Bengal, jimbo la mashariki, ilikuwa inakufa njaa, watu wapatao milioni tatu kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, huku bei ya mchele ikiwa imepanda isishikike na baraza la vita la Churchill likisita kutoa meli za kupeleka nafaka. Kama haya ingetosha kuing'oa dola, ingeing'oa mwaka huo.

Nilichotaka kumwambia Mzee, na ambacho nimekwisha kumwambia mara nyingi jikoni akiwa hayupo, ni kwamba mkoloni alishindwa kumudu gharama. Uingereza ilitoka vitani ikidaiwa na India takriban pauni bilioni 1.3, yaani koloni ndilo lililokuwa likimdai bwana wake. Februari 1946 mabaharia wa Kihindi wa jeshi la majini waligoma Bombay, wakianza na malalamiko ya chakula kibovu na matusi ya maofisa, na katika siku chache mgomo ulienea katika meli 78 na mabaharia wapatao 20,000, bendera ya Congress, chama cha Gandhi, na ya Muslim League, chama cha Waislamu kilichodai Pakistan, zikipepea pamoja. Dola inayowatawala watu mamia ya milioni kwa bunduki zilizo mikononi mwa watu hao hao, ikishaona bunduki zinageuka, haingoji kuambiwa mara ya pili. Sipunguzi kazi ya Gandhi hata kidogo. Mtu aliyetembea kilomita zipatazo 385 kutoka Sabarmati hadi Dandi mwaka 1930, kwenda kuokota chumvi ambayo sheria ilimkataza mwananchi kujiokotea, aliwaondolea watu woga, na makumi ya maelfu wakaingia jela kwa ajili ya chumvi hiyo. Lakini kumwondolea mnyonge woga ni kazi moja, na kumtia mkoloni haya ni nyingine, na hiyo ya pili sijaiona ushahidi wake.

Basi Alhamisi niliingia darasani nimenuna, na manila yangu yenye duara la chai. Niliwaeleza kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kuondoka kabla ya Juni 1948 kuisha, lakini Mountbatten, mtawala wake wa mwisho huko India, akaivuta tarehe hadi 15 Agosti 1947. Kwamba aliyepewa kazi ya kuchora mpaka, Cyril Radcliffe, alikuwa mwanasheria ambaye hakuwahi kukanyaga India, akafika tarehe 8 Julai na kupewa wiki tano hivi kuigawa Punjab na Bengal. Na kwamba mstari wake ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya sherehe. Mtundu mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Sasa Mwalimu, tarehe 15 hao wa mpakani walipandisha bendera ya nani?"

Darasa likacheka. Mimi ningeweza kumkumbatia. Maana jibu lipo, na ni la ajabu kuliko swali: Murshidabad, wilaya yenye Waislamu wengi, walipandisha bendera ya Pakistan, na Khulna, yenye Wahindu wengi, wakapandisha ya India, kisha mstari ulipotangazwa, Murshidabad ikawa India na Khulna ikawa Pakistan, bendera zikashushwa na kupandishwa upya. Baada ya hapo maswali yalinijia kama mvua ya masika. Niliwaeleza habari ya juti, zao la nyuzi za magunia, jinsi mashamba yalivyobaki Bengal Mashariki na viwanda Calcutta, na watoto wa Tanga hawakuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa kila mmoja ana babu au mjomba aliyekata mkonge. Niliwaeleza jinsi mifereji ya Punjab ilivyojikuta na vyanzo upande huu na mashamba upande ule, hata Aprili 1948 India ikafunga maji. Niliwaeleza pia, kwa kuwa haifai kuficha, kwamba watu kati ya milioni 10 na 15 walihama, na kwamba makadirio ya waliouawa yanaanzia laki mbili na kufika hata milioni mbili, baadhi yao wakiwa abiria wa treni zilizofika Lahore na Amritsar zimejaa maiti.

Msichana wa dirishani, ambaye huwa hasemi, akauliza Gandhi alikuwa wapi usiku wa sherehe. Hakuwa Delhi. Alikuwa Calcutta, katika nyumba ya Mwislamu kwenye mtaa wa ghasia, na tarehe 15 Agosti aliimaliza kwa kufunga na kusali. Ghasia zilipofumuka tena, tarehe 1 Septemba alianza kufunga akisema hatakula mpaka mji utulie, na kufikia tarehe 4 viongozi wa pande zote walikuwa wamemletea ahadi zao, na vijana wa mitaani wakaja kuweka silaha mbele yake. Punjab, iliyokuwa na kikosi cha mpaka cha maelfu ya askari, iliungua, Calcutta ikatulia. Nilikuwa nimesimama na chaki mkononi nilipotambua kwamba kuna mahali sentensi ya Mzee inafaa, ila si mahali alipoiweka. Kulikuwa na watu walioona haya kwa sababu Gandhi alifunga, nao walikuwa watu wake mwenyewe. Si wote, bila shaka, kwani tarehe 30 Januari 1948 Mhindu mwenzake, Nathuram Godse, alimpiga risasi kwa kumwona anawapendelea Waislamu.

Ijumaa nilipeleka maswali ya jaribio yakachapwe, na mojawapo linawataka waeleze kwa nini uhuru wa 1947 uliambatana na umwagaji damu. Mzee alilisoma begani kwangu. "Hili maksi ngapi?" Nikamwambia kumi. Akaguna, akaenda zake, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikanywa chai yangu ikiwa ya moto.

Ningelala vizuri usiku huu kama si Mama. Ameacha vidonge vya presha tangu jirani amshauri anywe maji ya kitunguu saumu, ananiambia kwenye simu kuwa yuko mzima kama kijana, lakini mdogo wangu alimpima jana jioni akakuta 170 kwa 100, na alipomwonyesha, Mama akasema mashine ndiyo mbovu. Kesho nitakwenda mwenyewe, ingawa sijui nitamwambia nini ambacho hajakikataa tayari.