Baba, Siyo Kwamba Nakuchulia

Mwaka 2019 baba alilazwa siku 11, na mashine yetu ya kusaga ikalala nazo zote. Mimi nilikuwepo, mzima wa afya, mtu niliyekuwa nashinda pale kila siku nikikinga unga na kupokea hela. Siku ya pili yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zikaisha. Namba ya mita ilikuwa kwenye risiti, risiti ilikuwa kwenye koti, na koti baba alikwenda nalo hospitali. Tulipoipata, mkanda ukakatika. Mikanda ya akiba imo sandukuni, ufunguo wa sanduku anaujua yeye. Wateja wakajitwika madebe yao kwenda kijiji cha pili, na wengine hawakurudi hadi leo.

Alipopona nikamwambia, "Baba, tuandike mambo ya mashine." Akanitazama. "Mama, unanichulia?" Huniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Nikanyamaza miezi mitatu. Huku kwetu Mbozi ukimuuliza mzee mali zake ataachiwa nani, ni kama umemwonyesha sanda. Kwa hiyo neno urithi nikaliweka kando kabisa. Nikanunua kaunta buku, nikasema shida yangu ni mashine isilale tena akisafiri. Hilo alilikubali siku ile ile. Jioni tukishafunga, yeye anasema, mimi naandika: namba ya mita, simu ya fundi wa Mlowo, saizi ya beringi, chekeche ya dona na ya sembe, nyundo zikilika upande mmoja zinageuzwa vipi.

Tulipofika kwenye madeni ndipo niliposhtuka. Baba alikuwa na watu 23 kichwani. Mwalimu fulani hulipa mwisho wa mwezi. Wafuga nguruwe wawili wameshalipia pumba ambazo hazijatoka. Na kuna bibi mmoja mjane ambaye hatakiwi kulipa kabisa, kwa sababu marehemu mumewe ndiye aliyesaidiana na baba kuiburuta injini ya dizeli kutoka barabara kuu, enzi umeme haujafika. Bibi huyo nilikuwa namtoza kila baba akiwa hayupo. Alikuwa ananipa hela huku ananitazama usoni, nami nikidhani ni dharau.

Suala la nani ataendelea alilileta baba mwenyewe, mwaka uliofuata. Pale senta kulikuwa na duka, mwenyewe akafariki, na leseni na TIN, namba ya mlipakodi, vyote vilikuwa vya jina lake. Watoto wakavutana mwaka mzima nani awe msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, bidhaa zikaharibika kwenye rafu. Baba aliyaona yote akiwa kwenye benchi letu ng'ambo ya barabara.

Mimi nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikuisema kwa sauti. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamweka mtoto wa kike daraja la tatu, la mwisho. Kwa kanuni hizo, miaka 9 ya kumeza vumbi la unga haina hesabu. Nilitaka anachonipa anipe akiwa hai, mbele ya watu.

Kikao kiliongozwa na baba mdogo. Kaka mkubwa yupo Dar es Salaam, tulimweka kwenye spika ya simu. Alisema mashine iuzwe, tugawane. Baba akapiga hesabu hapo hapo: fungu la kila mmoja wa watoto watano lisingenunua hata mota. Kaka akakata simu, akapiga tena baada ya nusu saa akiwa mpole.

Tulichofanya ni kuvitenganisha vitu. Kiwanja na banda vina hati ya hakimiliki ya kimila, vikabaki vya baba, na kwa wosia vitakuwa vya watoto wote. Kinu nikakabidhiwa mimi. Mota nilishainunua kwa hela yangu tangu umeme ulipokuja. Jina la biashara tukalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa ubia, mimi na yeye. Nalipa kodi ya banda kila mwezi. Leo anapokea baba, kesho watapokea ndugu zangu. Wosia ulishuhudiwa na watu wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio ndugu, ukapelekwa RITA, wakala wa serikali anayetunza wosia, kuhifadhiwa. Kilichotuchosha ni herufi moja: jina la baba kwenye kitambulisho cha NIDA halikulingana na la kwenye TIN. Safari tatu za Vwawa kwa ajili ya herufi moja!

Kosa langu ni dada zangu. Wameolewa mbali, nikaona nitawaambia mambo yakishaiva. Mmoja akasikia njiani kwamba nimempora mzee mashine, akakaa bila kusema nami hadi msimu wa mavuno. Nilimfuata kwake na kaunta buku mkononi, akaisoma yote, ndipo akanikaribisha chakula.

Halafu baba hakujua kustaafu. Nikimtajia mteja bei, anapita nyuma yangu hadi kwenye benchi, anapunguziwa. Tuligombana kweli. Mwishowe nikamwachia idara ya madeni: wa kukopeshwa na wa kusagiwa bure anaamua yeye, ila aandike kwa mkono wake, na ndugu nao walipe. Anaandika kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa.

Desemba kaka alikuja na familia. Akakoboa na kusaga madebe matatu, akapakia kwenye gari, akaaga. Nilipofungua buku jioni nikakuta jina lake tayari limo, na mbele yake baba ameandika: HUYU ANA MSHAHARA.