TFC ya historia isiishie kwa Tshombe na Lumumba: tazameni buku za wazee wetu

Mu departema yetu ya historia hapa Lubumbashi, ukiuliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) juu ya nini, wengi watakujibu Tshombe aliyeongoza Katanga, Lumumba waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Conakat chama cha Tshombe, kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Siwalaumu, ile njo historia tuliikuta nyumbani, kila familia iko na kipande chake cha kusimulia. Lakini mimi kadiri naendelea na kazi yangu naona kama tunataka kuelewa mamlaka, manake nani alikuwa na nguvu juu ya nani na ile nguvu ilipita njia gani mpaka ikaingia mu nyumba ya mtu, ikakaa mezani, hatuwezi kubaki kwa wakubwa tu. Kuna vikaratasi wazee wanavitunza mu sachet (mfuko wa plastiki) nyeusi chini ya nguo, na vile vikaratasi vinasema mengi.

Kuna nkambo (bibi mzee) mmoja wa Katuba, komini ya hapa mjini, alinionyesha buku ya kazi ya marehemu bwana yake. Kifuniko kigumu, pembeni kimelika, wino umegeuka rangi ya chai. Ukifungua unakuta jina, jina la baba, kijiji, sheferi (eneo la chifu), teritware (wilaya), kabila, kisha chini alama ya dole gumba. Karani ameandika kwa mwandiko mzuri sana, herufi zimelala upande mmoja. Nilikaa nayo mkononi kwa muda mrefu juu kila mstari pale unauliza huyu mtu ametokea wapi na ni wa chifu gani, hakuna hata mmoja unaouliza yeye mwenyewe anajiita nani. Nikamuuliza nkambo kama ile kijiji iliyoandikwa waliwahi kwenda, akaniambia hivi: "Bwana yangu alizaliwa huku huku ku kampi. Lakini mu buku balimuandikia mugini ya baba yake, mugini yeye hakuonaka ata siku moja."

Pale njo suje (mada) yangu ilikaa vizuri kichwani.

Tuseme kidogo vile mambo yalianza. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa 1906, mji wenyewe wa Lubumbashi ukaanza 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka ule ule reli ikafika kutoka kusini. Shaba ilikuwepo tangu zamani, wazee wetu walikuwa wanaiyeyusha na kutengeneza misalaba ya shaba karne nyingi kabla ya mzungu, lakini kampuni ilitaka mikono mingi na kwa haraka, na watu wa karibu na mgodi walikuwa na mashamba yao, hawakuwa na haja ya kuingia shimoni. Basi watu wakatafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, kisha Lomami na Kasai, kisha Ruanda-Urundi. Mwanzo walikuja kwa mikataba mifupi, bila wake, na wengi walikufa na magonjwa mu zile kampi za wafanyakazi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha mpango, mkataba wa miaka 3, mfanyakazi aje na mke na watoto, apewe nyumba, apewe posho.

Posho! Ukitaka mzee wa hapa aanze kuongea usimuulize ukoloni ulikuwaje, atakupa jibu la shuleni. Muulize siku ya posho ilikuwaje. Utasikia unga, maharagwe, samaki mkavu, mafuta ya ngazi, nani alipanga laini, nani alipima, na vile mama mwenye watoto wengi alirudi na mzigo mkubwa kuliko jirani. Nguvu ya kampuni ilikuwa pale kabisa, mu kopo la kupimia unga. Na haikuwa kampuni peke yake, misioni ilishika shule za kampi, leta (serikali) ikashika sheria na gereza, wote watatu wakakutana juu ya familia moja. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, amefanya kazi kubwa juu ya hii, ameonyesha vile kampuni ilichukua nafasi ya baba mu familia ya mfanyakazi, baba halisi akabaki kama mtoto mkubwa wa Union Minière. Leta ikachukua ile kampuni Januari 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi ikaendelea. Njo maana ilipoanguka miaka ya 1990, na 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakatoka kwa ule mpango walioita "départ volontaire", manake kuondoka kwa hiari, haikuwa mshahara tu uliopotea. Mama njo walibeba nyumba, kwa kuuza unga, makala, mboga, na sauti mu nyumba ikahama. Kama hiyo si historia ya mamlaka basi sijui ni nini.

Sasa nirudi ku buku, juu ile mistari haikubaki mu kartoni ya biro. Mtu aliyeletwa na kampuni kutoka Kasai akazaa hapa, watoto wake wakazaa hapa, wanaongea Swahili ya hapa, wanazika watu wao hapa, lakini karatasi inaendelea kusema ni wa kule. Desemba 1957 uchaguzi wa komini ulipofanyika mu mji, wengi walioshinda hawakuwa watu waliohesabiwa kama wazaliwa wa Katanga, na Oktoba 1958 Conakat ikaundwa kwa kusema inatetea wenye nchi. Baada ya kujitenga, mu 1961, maelfu ya Baluba wakakimbilia mu kampi ya wakimbizi hapa hapa mjini, chini ya ulinzi wa ONU (Umoja wa Mataifa). Na 1992 mpaka 1993 watu waliozaliwa Likasi na Kolwezi wakatolewa mu nyumba zao, wakalala ku stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao" Kasai, mahali ambapo wengine hawakuwa na hata mtu mmoja wa kuwapokea. Wengine walikufa pale stesheni na njiani. Hapa naandika polepole juu ni kidonda, kuna watu wa pande zote watasoma. Sisemi karatasi iliua watu. Wanasiasa walichochea, njaa ilikuwepo, kampuni ilikuwa inaanguka na nafasi za kazi zilikuwa zinagombewa. Ninachosema ni kwamba lugha ya kutenganisha watu ilikuwa tayari imeandikwa, kwa mwandiko mzuri, miaka 60 kabla ya pale.

Na haikuwa lazima iende hivo. Desemba 1941, wakati wa vita, bei zimepanda na kazi imeongezwa, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Mu buku zao walikuwa makabila mbalimbali, lakini walisimama pamoja ku uwanja wa mpira, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa anaongea kwa niaba yao, alikufa pale, na idadi ya waliokufa pamoja naye inabishaniwa mpaka leo. Siku ile walijitambua kama wafanyakazi. Mtu yule yule, jina lile lile, na kitambulisho kingine kimetoka ndani yake. Hii ndo naona wanafunzi wengi tunaikosa, tunaandika "Waluba walitaka hivi, Walunda walitaka vile" kana kwamba kabila ni jiwe, wakati watu walikuwa wanachagua kufuatana na kinachowabana siku ile.

Ndo maana nawaomba tulinganishe na jirani. Vukeni mpaka wa Kasumbalesa tu, mnaingia Copperbelt ya Zambia, shaba ile ile, ila mtawala alikuwa Mwingereza. Kule Luanshya, Mei 1935, polisi waliua wafanyakazi 6 wakati wa mgomo wa kodi, na serikali ilipochunguza ikakutana na jina la Mbeni, ngoma ya gwaride na vyeo iliyoanzia pwani ya Waswahili na kupanda mpaka huku bara. Ngoma! Watu waliocheza pamoja walijua kupashana habari. Miaka ya 1950 hapo hapo Luanshya kulikuwa na ngoma ya kalela, vijana wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinang'aa, wanaimba sifa za watu wao na kuwatania wengine, na wanaotaniwa wanacheka, na mtafiti wa anthropolojia J. Clyde Mitchell aliiandika 1956 akaonyesha kabila mjini si lile la kijijini. Tena 1953 wachimbaji wa kule walipiga kura kuondoa wale wazee wa kabila waliowekwa kuwawakilisha mbele ya kampuni, wakasema sendika (chama cha wafanyakazi) inatosha. Upande mwingine, Ruanda, Wabelgiji wale wale waliotuandikia sheferi na teritware waliandika Hutu, Tutsi, Twa mu vitambulisho miaka ya 1930. Majina yalikuwepo kabla, lakini kuyafunga mu karatasi ambayo mtu hawezi kuibadilisha ni jambo lingine, na mwisho wake tunaujua, sisi majirani zaidi ya wote.

Utamaduni nao si mapambo ya sura ya mwisho. Miaka ya 1970 mu sebule nyingi za huku kulikuwa na picha ya "Colonie belge", mfungwa amelala chini, askari mweusi anampiga fimbo, mzungu anatazama, bendera juu. Watu walinunua wenyewe, kwa pesa yao, wakatundika mahali wageni wanakaa. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi, picha kama 100, mu 1973 na 1974. Na kabla yake, 1965, maboi wa zamani wa Elisabethville waliandika historia ya mji kwa Swahili yao wenyewe, André Yav ameiweka pamoja, bila kungoja profesa yeyote. Hizi ni kazi za wanahistoria, tuziweke mu maandishi yetu sawasawa na barua za gavana.

Mu kazi yangu nimeacha maneno ya wazee kwa Swahili ndani ya maandishi yenyewe, Kifaransa kinafuata chini. Naitetea ile na nitaendelea kuitetea mbele ya juri (walimu wanaopima kazi).

Suje ziko nyingi, wandugu wa L2 (mwaka wa pili wa licence) mnaoniandikia kuuliza: kwaya za parokia, timu za mpira (Mazembe na Lupopo zote zimezaliwa 1939, moja ku misioni), ushirika wa mama wa kampi, picha za sebuleni. Na kama kwenu kuna buku kama ile ya nkambo, piga picha kila ukurasa hata ule usio na kitu, andika ni ya nani, nani alikupa na siku gani, halafu urudishe mkononi mwa mwenyewe. Usiichukue kwenda nayo kampasi, hata akikubali. Kaa pembeni yake, mwache afungue mwenyewe, na simu iwe inarekodi kabla hajafika ukurasa wa kwanza, juu wengi wanaanza kusimulia wakati bado wanafungua fundo la sachet.